Dungu la Fundi Pimamaji

Mume wangu anaitwa Pimamaji, na jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na mtaa. Ni fundi seremala. Katika mfuko wa shati, mahali ambapo wanaume wengine huweka simu, yeye huweka pimamaji ndogo ya njano, ile yenye kipovu kinachotembea ndani ya maji. Akikaribishwa chai kwa mtu, kabla hajashika kikombe ataiweka juu ya meza ya mwenyeji, atainama, atakiangalia kipovu, halafu atatikisa kichwa. Siku ya harusi ya binti yetu alikunja kipande cha boksi akakisukumia chini ya mguu wa meza ya keki, huku maharusi wameshika kisu wanamsubiri. Mimi niliangalia pembeni nikajifanya simjui.

Nasema haya kwa mapenzi. Mtu mwenyewe nimekaa naye miaka mingi katika karakana moja, yeye na randa yake upande huu, mimi na cherehani yangu ya mapazia kona ile, na sijawahi kuona mlango wake ukigoma kufunga. Lakini siku hizi nani anaagiza mlango? Watu wananunua makabati yaliyolala ndani ya boksi, wanayafunga wenyewe sebuleni kwa kifunguo kidogo, na yakilegea wanamletea Pimamaji ayakaze. Anayakaza. Kisha anakaa siku nzima akiwa hana hamu ya kuongea.

Mkwe wetu, mume wa binti, ana maghala yake nje ya mji. Ni kijana mwema, sina la kumsema. Alipoona hali ilivyo alimwambia baba mkwe wake aje kukaa getini awe mlinzi: kiti kipo, mwavuli upo, chai italetwa. Na kwa kuwa ni mtu wa vitendo, hakungoja jibu. Alileta sare kabisa, koti la buluu lenye vifungo vinavyong'aa, na kofia yake, saizi ileile ya mzee. Mume wangu alishukuru, akaitundika nyuma ya mlango wa karakana, na tangu siku hiyo akawa anafanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo. Wao wawili walikubaliana kwamba mwezi ukiisha bila kazi ya maana kupatikana, anafunga karakana na kuvaa koti. Mimi sikuulizwa.

Basi mwezi umeshakatika nusu, akaingia mama mmoja mrefu mwenye miwani kwenye nywele. Ndiye anayeongoza kikundi cha maigizo cha pale ukumbini, na kwetu tulimwita Mama Jukwaa. Fundi wao alikuwa amehamia mji mwingine. Walikuwa wanatayarisha mchezo uliotokana na riwaya ya zamani, mambo ya shamba matupu, na alihitaji vigoda, sanamu la kutishia ndege, na zaidi ya vyote alihitaji dungu. Akasema kazi ikimpendeza, Pimamaji atakuwa fundi wa kikundi mwaka mzima, maana hawakaukiwi michezo. Mume wangu alimwomba mchoro. Mama Jukwaa akachomoa kitabu kwenye mkoba akamwambia yeye hachori, kila kitu kimo humo ndani, asome tu.

Alipotoka tukatazamana. Dungu ni nini? Mume wangu hajui, na mimi nimezaliwa ghorofa ya tatu, shamba langu lilikuwa kopo la vitunguu dirishani. Lakini kazi ni kazi. Macho ya mzee hayaoni maandishi ya karibu, kwa hiyo niliacha pazia la watu juu ya cherehani, nikavuta stuli, nikaanza kumsomea huku yeye akipiga randa.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilianza katikati ya sentensi, msichana akiwa tayari analia. Nikasoma kwamba mwaka ule, mpunga wa baba yake ulipochukua mimba, binti alipelekwa dunguni kuamia. Randa ikasimama. Mume wangu akauliza nani kachukua mimba. Nikamwambia mpunga. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ubao wenye fundo baya, akaniomba nisome tena, taratibu. Nikasoma taratibu, na mpunga bado ulikuwa na mimba.

"Ruka," akasema. "Tutaelewa mbeleni."

Na ndivyo tulivyokisoma kitabu kizima, kwa kuruka. Baba alimpimia binti ngwe yake asubuhi. Mimi ngwe ninayoijua ni ya redioni, ile ya viongozi wanaotaka kuongezewa ngwe ya pili, sasa huyu mtoto ana ngwe ya nini? Ruka. Binti alikanyaga kipago cha tatu. Ruka. Mzee akachukua ukambaa wake, sijui akaufanya nini. Ruka. Tukiona neno gumu tunalipita kwa mbali kama jirani anayependa kukopa. Tulipofika mwisho tulichobaki nacho ni kwamba dungu ni kitu kirefu kwenda juu, kina paa, mtu anakaa ndani yake analinda mpunga usiliwe na ndege.

"Ah," mume wangu akasema, na uso wake ukatulia. "Kibanda cha mlinzi."

Nadhani lile koti lilikuwa limeshamwingia kichwani, maana hakusita hata kidogo. Alijenga kitu ambacho sijawahi kuona mfano wake. Miguu minne ya mbao ngumu, mnyoofu kila mmoja, kila kiungo kimechongwa kwa patasi na kukaa ndani ya mwenzake bila msumari kuonekana. Ngazi yenye mkono wa kushikia. Mlango, na mlango una kitasa. Dirisha la kufungua na kufunga. Akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama bakuli, akakipaka vanishi mara tatu, na alipoweka pimamaji sakafuni kipovu kilikaa katikati kikatulia tuli. Niliona fahari, kusema kweli. Niliita majirani waje waone.

Mama Jukwaa alikizunguka. Akapanda, akafungua mlango, akaufunga, akasikiliza kitasa kinavyolia. Aliposhuka akamwambia kwa upole, "Fundi, hiki mimi ningehamia na watoto." Majirani wakacheka, na mimi nikawatoa nje. Ndipo akatueleza kwamba dungu ni kitu cha maskini. Mtu anaingia porini na panga, anarudi na miti, anafunga kwa alichonacho, na mpunga ukishavunwa dungu linaachwa lianguke. Hakuna kitasa shambani. Alitupa wiki moja tu. Baada ya hapo angechora dungu kwenye kitambaa, yaishe.

 Usiku mume wangu hakula vizuri, na asubuhi alitoka kitandani kabla sijaamka. Nilipomfuata karakanani nilimkuta amesimama mbele ya kabati la vioo ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, amevaa koti la buluu. Amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kofia ameishika mkononi. Lilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba lilimkaa vizuri hivyo. Nilitaka kulia, lakini mimi nikitaka kulia huwa nagomba.

"Vua hilo koti," nikamwambia. "Kitabu hatujakisoma."

"Tumekisoma chote, mke wangu."

"Tumekiruka chote. Vua, kaa, leo haturuki hata neno moja."

Alivua. Nadhani alivua kwa sababu alinijua, si kwa sababu aliamini.

Tukarudi kwa msichana anayelia. Safari hii tulipokutana na neno tusilolijua tulisimama nalo mlangoni mpaka lituambie limetoka wapi. Na kitabu, kumbe, kinasema chenyewe ukikiacha kiseme. Mpunga uliochukua mimba, kurasa mbili mbele unatoa masuke. Basi mimba ni lile suke lililovimba ndani ya bua kabla halijatokeza. Mume wangu aliposikia akasema ni neno zuri, na kwamba aliyelisema kwanza alikuwa anaupenda mpunga wake. Kuamia ni kufukuza ndege, kwa sababu kila binti anapoamia ana teo, ile kamba ya kurushia mawe, mkononi na mawe pembeni. Ngwe ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime kwa siku, maana yule mtoto alipomaliza ngwe yake aliruhusiwa kwenda kuogelea, na ndugu yake mvivu ngwe ilimshinda akalala na njaa. Vipago ni vile vijiti vya kupandia ngazi. Cha tatu kimeoza, na binti anajua kukiruka, lakini mchumba wake hajui. Hapo tulicheka mpaka mume wangu akafuta macho kwa maranda. Mara ya kwanza tuliposoma, mchumba alianguka na hatukujua kwa nini.

Maneno yakaanza kuhamia nyumbani. Asubuhi mume wangu ananiuliza ngwe yangu ya leo ni mapazia mangapi. Stuli yangu ikageuka kigoda. Baba wa yule binti alikuwa na mkono wa birika, hatoi kitu, na muuza nyanya wetu naye akapewa jina hilohilo hapohapo. Tulikuwa tumefika umri wa kuongea mambo ya bili na dawa ya kikohozi tu, na sasa tulikuwa tunaitana kutoka chumba hiki mpaka kile kuambiana jua limefika utosini. Binti yetu alipiga simu akataka kujua baba anaendeleaje. Nikamjibu baba yako amemaliza ngwe yake, amekaa kigodani anapunga upepo, kesho tunaamia.  Akasema nimpe baba simu, nikampa, naye akamwambia binti asiwe na wasiwasi, mpunga bado una mimba. Walikuja jioni hiyohiyo na matunda, wakatuangalia machoni mmoja mmoja.

Lakini dungu bado. Mume wangu alikwenda kwa muuza mbao, ambaye wamejuana tangu ujana, akaomba amwonyeshe miti iliyopinda. Muuza mbao aliita wafanyakazi wake wote waje wasikie, Pimamaji anataka miti iliyopinda. Alivumilia. Alichagua minne yenye panda, ile njia mbili ya matawi juu, kwa sababu kitabu kilisema boriti ililala juu ya panda. Akachukua na fito. Kwa msusi wa vikapu pale sokoni tulipata ukambaa, ambao kumbe ni kamba ya kusukwa. Mama wa kwenye kitabu alikuwa anausuka huku akimsema mumewe. Tulipofika nyumbani aliweka pimamaji juu ya mti wa kwanza. Kipovu kilikimbilia pembeni kikakataa kurudi. Aliitazama, akaifungia kwenye mtoto wa meza, na nilimwona anaupapasa mfuko wa shati kama mtu aliyeacha sigara.

Alifunga siku nzima. Jioni dungu lilikuwa limesimama, zuri, la ovyoovyo kama lilivyotakiwa, na alipoweka mguu kwenye kipago cha kwanza likalalia upande mmoja kama mlevi. Akakaza. Likalalia upande mwingine. Siku ya pili hali ileile. Siku zilikuwa zinayoyoma na mwezi ulikuwa unaisha, na nilimwona ameanza tena kuangalia mlango. Akasema misumari miwili tu, nani ataiona? Nikamwambia tutaiona sisi. Nikafungua kitabu mahali pale mzee anapojenga dungu, nikasoma polepole, neno kwa neno, na nikafika kwenye nusu ya sentensi ambayo safari ya kwanza tuliipita mbio kwa sababu ya lile neno ukambaa. Safari ya pili tuliifurahia tu kwa kuwa tumelijua neno, wala hatukusikiliza linafanya nini. Mzee aliuloweka ukambaa mtoni usiku kucha, akafunga ukiwa mbichi, kisha akakataza mtu yeyote kupanda mpaka jua liukamate.

Mume wangu alijipiga kofi la paji la uso. Kamba mbichi ikikauka inakaza yenyewe. Alifungua mafundo yote, akautosa ukambaa kwenye beseni langu la kufulia bila kuniomba ruhusa, na asubuhi akafunga upya uani, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Halafu tukangoja jua. Hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mwanaume huyu. Alizunguka dungu, akaligusa, nikamfukuza, akarudi. Usiku tuliliingiza ndani ya ukumbi wa nyumba kwa kusaidiana na majirani lisije likanyeshewa, na kesho yake tukalitoa tena.

Siku ya kujaribu alisema atapanda yeye. Nikamwambia wewe umekonda, ukisimama wewe halijathibitisha kitu. Mimi si mwepesi, na wala sioni aibu kulisema. Nikajifunga khanga kiunoni, nikapiga moyo konde, nikakanyaga kipago cha kwanza. Dungu likalia. Cha pili. Cha tatu nilikiruka, kwa heshima ya kitabu. Nikafika juu, nikakaa, miguu inaning'inia, na chini yangu vitu vyote vilikuwa vimepinda, kila mti na lake, na hakuna kilichotikisika. Mume wangu alikuwa amesimama chini ameinua mikono yote miwili, sijui alitaka kunidaka na nini. Nilifurahi mpaka nikasahau umri wangu. Nikaanza kupunga mikono na kufukuza ndege ambao hawakuwepo, kwa sauti, maneno yaleyale ya binti wa kitabuni, na majirani wakatokeza madirishani.

Hivyo ndivyo Mama Jukwaa alivyotukuta.  Alishika fundo moja, akalivuta, akashika jingine. Akauliza nani kamfundisha kufunga hivi. Mume wangu akaninyooshea kidole mimi niliye juu, na mimi nikainua kitabu.

"Mwezi ujao tuna mchezo wa mfalme," Mama Jukwaa akasema. "Nitataka kiti cha enzi. Na hicho, fundi, tafadhali kiwe kimenyooka."

Mume wangu aliingia ndani haraka. Nilisikia anafungua mtoto wa meza. Alipotoka pimamaji ilikuwa imerudi kwenye mfuko wa shati, na macho yake mekundu akasingizia vumbi la mbao.

Kulibaki lile sanamu la kutishia ndege. Alikuwa ameshafunga miti miwili msalaba na kichwa cha gunia, akasema nguo atatafuta mwenyewe, nisijisumbue. Sikujisumbua, maana nilikuwa na mapazia ya watu yaliyolala wiki nzima. Sikuona hata kwamba nyuma ya mlango msumari umebaki mtupu.

Siku ya mchezo, mchana, tulikaa mstari wa mbele: mkwe, binti, mimi, na mume wangu pembeni kabisa, amekaa wima kuliko kiti. Pazia lilipofunguliwa dungu lilikuwa pale limepinda vizuri, limepigwa taa ya njano, na watu nyuma yetu wakaguna kwa kuridhika. Pembeni yake, katikati ya mpunga wa karatasi, limesimama sanamu. Limevaa koti la buluu. Lilipakwa tope na mkono mmoja umechanwa, lakini vifungo vilikuwa vilevile, vinang'aa.

Nilitamani sakafu inimeze. Binti alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mkwe wetu alisogea mbele kwenye kiti, akalitazama koti kwa muda mrefu, na mimi nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwomba radhi, kwamba mzee hakukusudia, kwamba wema wake tunaujua, kwamba mtu akipata kazi yake mwenyewe furaha humtoa akilini. Mume wangu aliangalia mbele tu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Kisha nikaona mabega ya mkwe yanacheza. Alikuwa anacheka, kimya kimya, kwa pua. Akatupita mimi na binti, akamwinamia baba mkwe wake.

"Baba," akamnong'oneza, "mlinzi wangu umemwacha juani bila kofia?"

 Mume wangu akajiinua kidogo kwenye kiti, akatia mkono chini, akaitoa kofia. Alikuwa ameikalia tangu tulipoingia. Akasema aliogopa kumvisha vyote viwili, asije mkwe akaona ametukanwa.

Mkwe akaichukua, akaipangusa kwenye goti lake, akaikunjua vizuri pale ilipobonyea, akamrudishia kwa mikono miwili. Mchezo uliporudiwa jioni, sanamu lilivaa kofia.